Uchovu Unakaa Wapi?

Mwaka mmoja wa karne ya 19, mwishoni mwa Machi, daktari wa Kiitalia aitwaye Angelo Mosso alikuwa Roma alipopata habari kwamba kware wameanza kuingia kutoka Afrika. Akateremka hadi Palo, kando ya bahari, kwenda kuwatazama. Kila mwaka ndege hao huvuka Mediterania kwa vijibawa ambavyo, ukiviona, ungedhani havitoshi hata kuvuka mto Rufiji. Aliowakuta ufukweni ni ndege waliokuja kwa kasi, wakiruka chini chini, na wengine wakajibamiza kwenye vigogo vya miti, nguzo za simu na kuta za nyumba, kana kwamba hawaoni mbele. Mbawa zilikuwa bado zinapiga. Kilichozimika, kwa maoni ya Mosso, kilikuwa kichwani: ubongo uliopungukiwa damu.

Kiswahili hakijawahi kujisumbua kutenganisha mambo haya. Mpagazi aliyeshusha gunia la mwisho husema amechoka. Mama aliyeketi kutwa kliniki akingoja jina lake liitwe husema amechoka. Na mke aliyefumbia macho mengi husema, kwa kitenzi hichohicho, kwamba amechoka na mumewe. Misuli, akili na moyo vyote vimepewa neno moja. Wanasayansi wa Ulaya na Marekani iliwabidi wazunguke karne nzima na ushei kabla ya kufika karibu na hapo, na njiani waligombana sana.

Mosso alizaliwa Turin mwaka 1846, mtoto wa seremala, na nadhani useremala haukumtoka, kwa sababu kila swali lililomsumbua alilijibu kwa kuunda kifaa. Aliunda meza iliyosawazishwa kama mizani, mtu akalazwa juu yake, ili aone kama upande wa kichwa utazama damu ikikimbilia kwenye ubongo unaofikiri. Lakini kifaa kilichompa jina ni ergografu, mashine ya kupima uchovu wa kidole kimoja.

Mkono wako unalazwa chali mezani na kubanwa. Kidole cha shahada na cha pete vinatumbukizwa kwenye mirija ya chuma visicheze. Kile cha kati kinafungwa kamba inayopita juu ya kapi, na mwishoni mwa kamba unaning'inia uzito wa kilo 2 au 3. Chombo cha mapigo kinagonga, na kila sekunde 2 unakikunja kidole na kuunyanyua uzito, huku kalamu ikichora kila mnyanyuo juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Mwanzoni mistari ni mirefu. Halafu inafupika, inafupika, hadi kidole kinatetemeka tu na uzito hauondoki. Mosso aligundua kwamba kila mtu ana umbo lake la kuchoka: mmoja huanguka ghafla kama aliyekatiwa umeme, mwingine hushuka polepole kama jua la jioni, na ukimpima tena baada ya muda mrefu unakuta mchoro uleule, kama sahihi yake.

Kisha likaja jambo lililowasumbua wengi baada yake. Mwenzake Mosso, daktari Arnaldo Maggiora, alikuwa akitahini wanafunzi kwa mdomo. Alikaa kitini saa kadhaa akiuliza na kusikiliza, hakubeba kitu. Alipotoka akaingiza kidole kwenye ergografu, mistari ikaporomoka mapema mno ikilinganishwa na ile ya kabla ya mtihani. Kidole hakikuwa kimefanya kazi yoyote. Aliyefanya kazi ni mwalimu.

Mosso hakutaka kuchagua upande. Alidai pia kwamba damu ya mbwa aliyechoka, ikitiwa kwenye mbwa aliyepumzika, humfanya huyo wa pili aonyeshe dalili za uchovu. Kwa hiyo kuna sumu fulani inayozunguka mwilini. Kitabu chake, La Fatica, kilichotoka 1891, kimejaa mambo ya namna hiyo, na hakikuishia maabara. Aliandika kuhusu carusi, watoto wa Sicilia waliobebeshwa mawe ya salfa kutoka chini ya ardhi, ambao wakifikia umri wa jeshi walikuwa wamepinda na kudumaa kiasi kwamba wengi mno walikataliwa. Katika Ulaya ya viwanda, swali la uchovu lilikuwa swali la nani afanye kazi saa ngapi. Mosso alilijua hilo kuliko wanasayansi wengi waliomfuata.

Baada yake utafiti ulichepukia kwenye misuli peke yake, na aliyeuchepusha ni chura.

Asidi ya laktiki ilikuwa inajulikana kitambo. Mswidi Carl Wilhelm Scheele aliipata mwaka 1780 kwenye maziwa yaliyochacha, ile ile inayoupa mtindi ukali wake, na mwanzoni mwa karne ya 19 mwananchi mwenzake Jöns Jacob Berzelius akaikuta kwenye misuli ya kulungu waliowindwa. Kuipima vizuri ndiyo ilikuwa shida, kwa sababu msuli ukishikwashikwa na kukatwakatwa hutoa asidi yenyewe. Mwaka 1907, huko Cambridge, Walter Fletcher na Frederick Gowland Hopkins walipata dawa ya tatizo hilo: walitumbukiza misuli ya chura kwenye alkoholi baridi ya barafu ili kila kitu kisimame papo hapo, kisha wakaisaga. Msuli uliofanya kazi bila oksijeni ulikuwa na asidi tele. Ukipewa oksijeni, asidi ilipungua.

Hapo ndipo alipoingia Archibald Vivian Hill, Mwingereza mwenye mwili wa mkimbiaji na akili ya mwanahisabati. Alipima joto linalotolewa na msuli wa chura unaponywea, joto dogo kuliko unavyoweza kuwazia, wakati Mjerumani Otto Meyerhof akifuatilia kemia yake. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922. Lakini Hill alikuwa mtu wa kujipima mwenyewe pia. Akiwa Manchester, katika umri wa miaka 30 na kitu, alizunguka uwanja wa majani na mfuko mkubwa mgongoni, bomba mdomoni na pua imebanwa, hewa yote aliyoitoa ikikusanywa kwenye mfuko. Alivyoongeza kasi, oksijeni aliyoitumia iliongezeka, hadi ikafika kiasi cha lita 4 kwa dakika na kugoma. Miguu ilikwenda kasi zaidi. Oksijeni haikupanda tena.

Sasa hiyo kasi ya ziada inalipiwa na nini? Hill alijibu kwa neno ambalo mwenye duka yeyote wa mtaani angelielewa: deni. Mwili unakopa. Unatengeneza nguvu bila oksijeni, asidi inarundikana, na mbio zikiisha unasimama umeshika magoti, ukihema ili kulipa. Picha hiyo ilikuwa nzuri mno, na labda uzuri wake ndio uliodumaza fikra. Kwa miongo mingi makocha dunia nzima walifundisha kwamba mkimbiaji huchoka kwa sababu asidi imejaa miguuni. Hata leo utasikia mtu gym akisema ana "asidi" siku ya pili baada ya mazoezi, wakati asidi hiyo huwa imeshaondoka ndani ya saa chache tu, na kazi ya George Brooks huko California imeonyesha kwamba sehemu kubwa ya laktiki ni chakula cha misuli mingine na cha moyo wenyewe. Ilihukumiwa kwa kuwa ilikutwa mahali pa tukio.

Cha ajabu ni kwamba Hill hakuwa mjinga wa jambo hili. Katika maandiko yao ya mwaka 1924 yeye na wenzake waliwaza kwamba lazima kuwe na kidhibiti, ama ndani ya moyo ama kwenye mfumo wa neva, kinachopunguza mwendo kabla moyo haujaumia kwa kukosa oksijeni. Sentensi chache tu, nazo wasomaji walizipita. Hill mwenyewe akawa na mambo mengine: Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, alikuwa miongoni mwa walioanzisha juhudi za kuwaokoa wasomi waliofukuzwa vyuoni. Miaka miwili baadaye kijana mmoja kutoka Leipzig, Bernard Katz, alibisha hodi kwenye maabara yake London. Katz ndiye aliyekuja kueleza jinsi neva inavyouambia msuli unywee, akapata Nobel yake mwaka 1970. Kwa hiyo mtu aliyewafundisha walimwengu kuutazama msuli, ndiye aliyemfungulia mlango mtu aliyeifuata neva.

Marekani walilichukua suala hili kwa namna yao. Mwaka 1927 Chuo Kikuu cha Harvard kilifungua Maabara ya Uchovu, na kwa kuwa lengo lilikuwa wafanyakazi wa viwandani, iliwekwa chini ya jengo la shule ya biashara. David Bruce Dill na wenzake walimkimbiza kwenye mashine Clarence DeMar, bingwa wa marathoni ya Boston mara 7, wakaona damu yake haichachi kwa mwendo unaowaangusha watu wengine. Walipanda milima ya Chile. Walikwenda Mississippi kupima wakulima vibarua, weusi na weupe, na hawakukuta tofauti ya maana kati yao, jambo ambalo Marekani ya wakati ule haikuwa na hamu ya kulisikia. Vita vilipokuja, maabara ikageukia wanajeshi, na baada ya vita ikafungwa.

Kitovu kikahamia Skandinavia. Mwaka 1966, Stockholm, Jonas Bergström na Eric Hultman walifanya jambo ambalo nikilifikiria linanichekesha na kunistaajabisha kwa pamoja. Waliketi wawili kwenye baiskeli moja ya mazoezi, mmoja kila upande, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu, mpaka mguu huo ukaisha nguvu. Kisha wakajichoma sindano nene za kutolea vipande vya nyama, kwenye paja lililofanya kazi na kwenye lililopumzika. Mguu uliochoka ulikuwa hauna glaikojeni, ile akiba ya wanga iliyofichwa ndani ya msuli. Wakala vyakula vya wanga kwa siku tatu. Mguu uliopumzika haukubadilika sana. Uliochoka ulijaza akiba yake hadi ukapita mara dufu. Sahani ya tambi au ya ugali usiku wa kuamkia marathoni ina asili yake pale, kwenye mapaja mawili ya madaktari wa Kiswidi.

Mwaka huohuo Mswidi mwingine, Bengt Saltin, alikuwa Dallas. Aliwalaza kitandani vijana watano kwa wiki 3, wasisimame hata kwenda msalani. Walipoinuka, uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Watafiti waliwapima tena wanaume haohao baada ya miaka 30, wakiwa na vitambi na mvi, wakakuta kwamba wiki 3 za kitanda ziliwaharibu kuliko miaka 30 ya kuzeeka.

Kila aliyetafuta sababu kwenye msuli aliipata, basi: asidi, wanga, oksijeni. Mwaka 1954 daktari Patrick Merton wa London alionekana kulifunga jalada. Alimwomba mtu abane kidole gumba kwa nguvu zote hadi kichoke, kisha akaishtua neva yake kwa umeme. Kama ubongo ndio uliolegea, umeme ungeongeza nguvu. Haukuongeza. Kwa hiyo, akahitimisha, uchovu umo ndani ya msuli.

Ila mwaka 1961 Michio Ikai na Arthur Steinhaus walifanya majaribio ya kuvuta kwa mkono, na nyuma ya mtu anayevuta wakaweka bastola ya kuanzishia mbio. Ikilipuka ghafla sekunde chache kabla ya kuvuta, mtu alivuta kwa nguvu zaidi ya zile alizoapa kuwa ndizo zake zote. Akipiga ukelele mwenyewe wakati wa kuvuta, vilevile. Aliyelala usingizi wa mazingaombwe alipita zaidi. Nguvu za ziada zilikuwepo. Mtu hakuruhusiwa kuzifikia.

Nimewahi kuketi kwenye mchanga wa pwani nikiwatazama wavuvi wakikokota jahazi kwenda nchi kavu. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na chombo kinasogea kwa mwitikio tu, wakinyamaza, hakitikisiki. "Harambee" ilikuwa wito wa namna hiyo kabla haijawa neno la siasa kwenye nembo ya Kenya. Ikai na Steinhaus walihitaji bastola. Hawa walikuwa na kiitikio.

Halafu ikaja Olimpiki ya Mexico, Oktoba 1968. Jiji lipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na wataalamu wa fiziolojia walikuwa wametabiri kwa miaka kadhaa nani atateseka. Waliokuja kutoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia walibeba dhahabu kadhaa za masafa ya kati na marefu: Naftali Temu mita 10,000, Mamo Wolde marathoni, na Kipchoge Keino akashinda mita 1,500 huku akisumbuliwa na maumivu ya mawe kwenye nyongo. Tangu siku hiyo swali la uchovu lilipata anuani mpya: Bonde la Ufa.

Lakini siku ya marathoni kulikuwa na mwingine. John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, aliyekuja na bendera ya Tanzania, alianguka njiani katika msongamano akaumia goti na bega. Walimfunga bandeji, akaendelea. Mamo Wolde alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza limeshatanda na watu wengi wameondoka, akichechemea: saa 3, dakika 25 na sekunde 27, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Wapo waliojiondoa njiani wakiwa na miguu mizima. Kwa hesabu ya asidi na wanga, mtu huyu haelezeki. Watanzania tumelitamka jina lake kwenye hotuba nyingi sana, na sijui kama tumewahi kumfikiria kama ushahidi wa kisayansi, ambao alikuwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saltin alikuja mwenyewe Kenya na mashine zake, akawapima wanafunzi na wakimbiaji wa Bonde la Ufa sambamba na Waskandinavia, na matokeo yakachapishwa 1995. Uwezo wa juu wa oksijeni wa mabingwa wa pande zote mbili ulikaribiana. Wakenya walitumia oksijeni kidogo kwa mwendo uleule, na damu yao haikurundika laktiki wala amonia haraka. Walifuata wanajeni kutoka Glasgow wakiongozwa na Yannis Pitsiladis, waliotafuta jeni ya mbio kwa miaka na kurudi bila hiyo jeni. Kati ya walioshirikiana nao walikuwamo Vincent Onywera na Mike Boit wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Boit huyo ndiye aliyepata medali ya shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, kisha akasoma hadi uprofesa. Utafiti wao wa 2006 uliwauliza wakimbiaji wenyewe: umezaliwa wapi, unasema lugha gani, shule ilikuwa mbali kiasi gani, ulikwenda kwa nini? Wengi wa waliofika ngazi ya kimataifa walikuwa wakikimbia kwenda shule. Maswali rahisi, lakini ilibidi pawe na mkimbiaji upande wa waulizaji.

Katika miaka hiyohiyo ya 1990 Cape Town palikuwa na vurugu ya kitaaluma. Tim Noakes, daktari aliyekuwa pia mkimbiaji wa Comrades, mbio za takriban kilomita 90, alisimama mbele ya wanasayansi wa michezo wa Marekani mwaka 1996 na kuwaambia kwamba wamejenga nyumba juu ya nusu ya maneno ya Hill. Alifukua zile sentensi zilizosahauliwa na kumpa kidhibiti jina jipya: gavana aliye kwenye ubongo. Hoja yake kubwa haikuhitaji maabara. Tazama mbio za mita 10,000. Mzunguko wa 24 watu wako hoi. Kengele inalia, na mzunguko wa 25 ndio unakuwa wa kasi kuliko karibu yote. Kama miguu imejaa sumu na imekwisha mafuta, kasi hiyo inatoka wapi? Noakes alisema ubongo huficha akiba, na uchovu ni hisia inayotumika kama breki, hauna maana ya kwamba tangi ni tupu.

Wengi walimkasirikia, na mimi naona walikuwa na sababu kiasi. Gavana anayeweza kueleza kila kitu ni vigumu kumkamata na kosa. Lakini alilazimisha majaribio ambayo yasingefanyika, na matatu kati ya hayo siyasahau.

La kwanza ni la Birmingham, 2004. Waendesha baiskeli walipewa maji yenye wanga usio na ladha, wasukutue na kuyatema. Hawakumeza hata tone. Walimaliza kazi ya saa moja karibu asilimia 3 haraka zaidi ya waliposukutua maji matupu. Sukari ilipopelekwa moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, haikusaidia. Miaka michache baadaye picha za ubongo zilionyesha kwamba wanga ukigusa ulimi huamsha sehemu zinazohusika na zawadi na raha. Mdomo uliahidi, na ubongo ukalegeza breki kabla ya chakula kufika popote. (Mfungaji wa Ramadhani asichukue hii kuwa fatwa.)

La pili ni la Markus Amann na wenzake, Wisconsin, 2009. Waliwadunga waendesha baiskeli dawa kali ya maumivu chini ya uti wa mgongo ili habari za miguu zisipande hadi kichwani, huku amri za kichwa zikiendelea kushuka. Ungetegemea waruke kama mishale. Waliruka kweli, mwanzoni. Walijisikia vizuri ajabu, wakakanyaga kuliko kawaida, na nusu ya pili miguu ikawakatikia, hata mwisho wa mbio wengine hawakuweza kushuka kwenye baiskeli bila kushikwa. Muda wa jumla haukuwa bora. Kwa hiyo miguu ina neno la kusema, na ubongo usiposikia huipeleka shimoni. Hili linamkata Noakes na linamthibitisha kwa pigo moja.

La tatu, pia 2009, ni la Samuele Marcora akiwa Bangor, Wales. Mwitaliano mwingine. Watu 16 walikaa mbele ya kompyuta dakika 90 wakibonyeza vitufe kufuata herufi zinazopita. Siku nyingine walikaa muda uleule wakitazama filamu za treni na magari ya Ferrari. Kisha wakapanda baiskeli hadi kushindwa. Baada ya filamu walidumu wastani wa sekunde 754. Baada ya herufi, 640. Moyo ulikwenda sawa, laktiki haikueleza tofauti; kilichotofautiana ni jinsi kazi ilivyoonekana nzito tangu mwanzo. Daktari Maggiora, akitoka chumba cha mtihani na kidole chake, alikuwa amesema kweli zaidi ya miaka 100 kabla.

Huku hayo yakiendelea, upande wa pili wa barabara watu wa ubongo walikuwa wanagundua jambo la kinyume. Tangu enzi za Santiago Ramón y Cajal ilifundishwa kwamba mtu mzima haoti seli mpya za ubongo. Joseph Altman alipoona dalili za seli mpya kwa panya wakubwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipuuzwa. Mwaka 1999 Henriette van Praag na Fred Gage, katika Taasisi ya Salk huko La Jolla, waliweka gurudumu ndani ya vizimba vya panya na kuwaacha wakimbie wapendavyo. Seli mpya zilizosalia kwenye hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu na ramani za mahali, ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa binadamu ugomvi haujaisha: utafiti mmoja wa 2018 haukuona seli mpya kwa watu wazima kabisa, mwingine wa mwaka huohuo uliziona. Lakini Kirk Erickson na wenzake walichukua wazee 120, nusu wakatembea dakika 40 mara 3 kwa wiki kwa mwaka mmoja, nusu wakajinyoosha viungo tu. Mwaka 2011 walitoa jibu: hipokampasi ya watembeaji ilikuwa imeongezeka asilimia 2, ya wenzao imepungua asilimia 1.4. Kiungo kinachotuambia tusimame ndicho kinachonenepeshwa na kutosimama.

Mwaka 2015 nyuzi hizi zilikutana kwenye vipaji vya nyuso za wakimbiaji 15 wa Kikalenjin. Watafiti, akiwamo Noakes, waliwavalisha taa ndogo za miale isiyoonekana kwa macho, zinazosoma oksijeni iliyo kwenye ubongo wa mbele, kisha wakawaambia wakimbie kilomita 5 kwa nguvu zote. Kwa wanariadha wa Ulaya waliopimwa kabla, oksijeni hiyo huelekea kushuka mwili ukikaribia ukomo. Kwa hawa ilikaa pale pale hadi mwisho. Watafiti walidhani ni matunda ya kukulia juu milimani na kukimbia tangu utotoni. Dhana tu, ila inaturudisha kwenye njia ya shule ya Onywera na Boit, na kwa kware wa Palo waliogonga nguzo.

Ukiingia leo kwenye maabara yoyote ya namna hii utakuta mashine za mamilioni: vipima hewa, nyaya kifuani, sindano masikioni, taa kwenye kipaji. Na ukutani mbele ya mkimbiaji kuna karatasi. Ina namba kutoka 6 hadi 20, na kando yake maneno, kutoka kazi nyepesi kabisa hadi nzito kupita kiasi. Ni ya mwanasaikolojia wa Kiswidi, Gunnar Borg, aliyeona kwamba pamoja na vipimo vyote hivyo bado hakuna njia ya kujua mtu amechoka kiasi gani isipokuwa kumuuliza. Kila baada ya dakika chache msaidizi anasogeza karatasi karibu. Mkimbiaji hawezi kusema, mdomo wake umebanwa na mrija. Ananyoosha kidole.